Kilo Sita Kasoro

Bamvua limepwa tangu alfajiri.
Limeacha mstari hapa Mwambani, mrefu, uliopinda,
kama mtu aliyeandika barua kwa hasira
halafu akaondoka bila kutia sahihi.
Mwani, vijiti vya mikoko, gamba la ngisi,
na katikati ya mwani, yale yetu:

vifuniko vyekundu, vifuniko vya buluu,
kiberiti cha gesi kisicho na gesi,
mswaki uliong'oka meno kabla ya mwenyewe,
ndala.

Ndala sizihesabu tena.
Mwaka wa kwanza nilizipanga ukutani kwangu
nikitafuta jozi. Kushoto, kushoto, kushoto.
Sijui za kulia huenda kwa nani.
Labda upo ufuo mwingine, Pemba huko,
yupo mwanamke mwingine, ana ukuta wake,
naye anashangaa.
Tungejuana namba za simu tungefungua duka.

Shehoza hanunui ndala.
Shehoza ananunua chupa na madumu, mia tatu kwa kilo,
na mizani yake ameitundika kwenye tawi la mvinje
kwa kamba aliyoiokota hapa hapa.
Kila kiroba anakitikisa, anakisikiliza
kama fundi anavyosikiliza injini,
kisha anasema: "Toa nusu ya mchanga, toa robo ya maji."
Bi Mwanakheri humjibu: "Toa na ya mate yako."
Tunacheka.
Nusu ya mchanga inatolewa vilevile.

Tumezoea kulaumu mbali.
Chupa ina maandishi tusiyoyajua, tunasema: hao.
Meli zipitazo usiku na mataa yao: hao.
Hata ile ya maandishi tunayoyasoma vizuri sana,
maji ya kunywa, kiwanda tunakijua, na mlinzi wake tunamjua,
tunaigeuza lebo itazame kirobani
na tunaendelea na hao.

Leo, chini ya mzizi wa mkoko,
nikavuta chupa ya shule, ya kijani,
zile zenye mkanda wa kuvaa shingoni.
Mkanda haupo. Chaza wachanga wamejenga kwenye kifuniko.
Nikafuta tope kwa pindo la kanga
na wino haukutoka,
kwa kuwa niliupitisha mara tatu, kwa mkono huu,
nikabandika na selotepu juu:

RIZIKI MHINA
DARASA LA PILI B

Riziki sasa ana ndevu. Anachomelea mageti Korogwe.
Siku ile alikuja mikono mitupu, akasema:
"Imeanguka mtaroni, mama, mvua ikaichukua,
imekwenda baharini."
Nikamwambia muongo.
Nikamwambia mtaro wa Msambweni unaishia Msambweni.
Nilisema hivyo mimi, mtu mzima,
na bakora mkononi.

Miaka kumi na sita.
Selotepu imegeuka njano, herufi zimesimama wima.
Mtoto alijua njia ya maji,
na mimi niliyemfundisha kuvuka barabara
sikuijua.

"Na hiyo?" Shehoza ananyoosha mkono.
Hiyo hapana.
"Basi kilo sita kasoro."
Anaandika. Kasoro yake naijua mimi.

Kurudi nimepita kwa mtaro.
Chupa tatu zimelala chali, lebo juu,
zinangoja mvua kama abiria wenye tiketi.
Nimeshuka na magoti yangu haya,
na watoto wa madrasa wakasimama kunitazama:
Bi Mkubwa, umeangusha nini?

Usiku nimempigia.
Nimemweleza mkoko, chaza, wino, selotepu.
Nikafika kwenye bakora, sauti ikakwama.
Nyuma yake mashine ilikuwa ikisaga chuma;
akaizima.
"Chupa gani, mama?" akasema. "Mimi sikumbuki chupa."

Sijui amesahau
au ananisitiri.
Nimeitia maji. Naiweka hapa, kando ya kitanda,
na inavuja kidogo.